Mdudu Akilala Chali, Usiseme Amekufa

Swali la haraka kabla nianze kelele zangu. Mdudu akilala chali, miguu juu, hasongi hata ukimguza na kijiti, amekufa?

Ukisema ndiyo, hauko peke yako. Mwenye ploti wako anaamini hivyo. Yule msee wa pampu ya mgongoni aliyekuja kupiga dawa ya mende anaamini hivyo. Na wenye maghala ya mahindi wengi wanaamini hivyo, na hao ndio nataka kuongea nao leo kupitia kwako. Wao hawasomi posti zangu, lakini wewe unakula unga wao.

Kwa maabara ya kupima wadudu wa nafaka, jibu ni: ngoja siku 14. Unamtoa kwa gesi, unamweka mahali pana hewa safi, unampa chakula, unaandika tarehe, unaenda zako. Baada ya wiki mbili ndiyo unarudi kuhesabu nani amekufa na nani alikuwa anakuigizia.

Na wanaigiza, manze. Gesi inayotumika sana kuua wadudu wa nafaka inaitwa fosfini. Ikija kali kwa ghafla, mdudu anaweza kuzimia tu. Mwili unapoa, anavuta gesi kidogo sana, na ukimwona utaapa ameenda. Hewa ikirudi anaamka, anajipangusa, anaendelea na mahindi yako pale alipoachia.

Msimamo wangu ni huu na nitausimamia hata mkinitusi huko chini: ghala lolote kubwa linaloweka chakula cha watu linafaa kupeleka wadudu wake maabara kila mwaka, na matokeo yabandikwe mahali mtu wa kawaida anaweza kuyasoma. Gesi tunayoitegemea ni moja, na tunaiharibu kwa haraka zetu.

Tusafishe neno kwanza, kwa sababu Nairobi tumelichafua. Kila nguzo ya stima iko na karatasi imeandikwa FUMIGESHENI, KUNGUNI, MENDE, PANYA, halafu namba ya simu. Huyo msee akikuja anapuliza maji yenye dawa kwa kona za kitanda. Hiyo ni kupuliza. Kufukiza ni kufunga mahali kabisa na kujaza gesi ndani, gesi ipite kwa gunia, ipite kati ya punje, iingie hadi ndani ya punje ambako mdudu ametaga yai na wewe huoni kitu. Dawa ya kupuliza haiwezi kufika huko. Ndiyo maana mahindi ya gunia elfu hamsini hayapulizwi, yanafukizwa.

Fosfini inatoka kwa vidonge vya fosfidi ya alumini. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinaachilia gesi polepole. Kidonge cha kawaida cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya fosfini na kinabaki kijivu kama unga wa jivu. Ghala likipitishwa hewa vizuri baadaye, gesi inaenda, chakula kinabaki chakula, hata mbegu bado inaota. Ni bei rahisi. Ndiyo maana dunia nzima imeipenda, kuanzia India hadi Australia hadi huku kwetu.

Kulikuwa na gesi nyingine, methili bromidi. Ilikuwa kali na ya haraka, lakini inakula tabaka la ozoni, kwa hivyo Mkataba wa Montreal ukaiondoa: nchi tajiri zikaacha mwaka wa 2005, nchi zinazoendelea kama Kenya mwaka wa 2015, ikabaki tu kwa kazi chache kama za karantini na mizigo inayosafirishwa nje. Zipo gesi zingine mbili tatu, lakini ukiuliza bei utarudi kwa fosfini mwenyewe. Kwa hivyo nikisema gesi ni moja, siongezi chumvi sana.

Sasa, hiyo maabara. Nilisoma mambo ya viumbe chuo kwa miaka miwili na kidogo halafu karo ikakataa. (Hiyo stori nimeiongea hapa mara mia, leo tuiache.) Kabla nitoke nilikaa wiki kadhaa kwa maabara moja ya wadudu. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo na kuhesabu. Watu walidhani ninafanya sayansi kubwa, kumbe niko na brashi ndogo ya kupaka rangi, nasukuma wadudu mmoja mmoja: hamsini hapa, hamsini pale. Lakini ndiyo kitu ya maana zaidi nilijifunza chuo, na haikuwa hata darasani.

Inaenda hivi. Wadudu wanaletwa kutoka ghalani, wamechekechwa kutoka kwa magunia na takataka za sakafuni. Huwapimi hapo hapo. Unawafuga kwanza kwa chakula safi mpaka wazae, ndiyo upate wakubwa wa kutosha na wa rika moja. Huwezi kulinganisha mzee na kijana halafu useme ni dawa imefanya. Ukishawapata unawaweka kwa chombo kizito cha glasi chenye mfuniko unaoziba kabisa, chumba kiko nyuzi 25, unyevu wa hewa 70%. Gesi iliyopimwa inadungwa ndani na sindano kupitia kwa mpira. Halafu saa 20.

Gesi kiasi gani? Hapa ndipo akili ya hiki kipimo iko. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha utaratibu wake mwaka wa 1975, na kila aina ya mdudu ina kiwango chake. Kale kadudu kekundu unakaona kwa unga uliokaa, Tribolium castaneum, kiwango chake ni miligramu 0.04 kwa lita moja ya hewa. Kiwango kimechaguliwa makusudi: kinatosha tu kuua kila mdudu wa kawaida wa aina hiyo. Wote. Kwa hivyo huulizi dawa imeua wangapi, unauliza kama kuna yeyote amebaki. Mmoja akiamka baada ya siku 14 na anatembea vizuri, huyo ana kitu ndani yake ambacho mdudu wa kawaida hana. Huo ndio usugu.

Pembeni unaweka kikundi kingine cha wadudu wale wale ambacho hakipewi gesi kabisa. Hao wakianza kufa, unajua shida si gesi, pengine umewapa chakula kibovu, na kuna hesabu ya kurekebisha ambayo bwana anaitwa Abbott aliandika mwaka wa 1925 na bado inatumika. Na unaweka kikundi cha tatu: wadudu wapole wa maabara, kizazi ambacho kimefugwa kwa chupa miaka na miaka bila kuona dawa. Hao lazima wafe wote. Wasipokufa, gesi yako ilivuja, rudi mwanzo.

Nilipenda hiyo kitu ya wapole. Ni kama kuwa na binamu wa ushago ambaye hajawahi kudanganywa na mtu yeyote, unamtumia kujua mjini kumeharibika kiasi gani.

Kabla mtu aniulize kwa inboksi: ile miligramu 0.04 kwa lita ni karibu mara 100 ya kiwango ambacho sheria za kazi za Marekani zinamruhusu mfanyakazi kupumua kwa siku ya saa nane. Soma tena. Mdudu sugu anakaa ndani ya hiyo hewa saa 20, anatoka, anakula. Wewe huwezi. Nitarudi kwa hii maneno mwishoni kwa sababu kuna watu wanafanya mambo ya kutisha kwa bedsita zao.

Haya, usugu ulianza lini? Sio jana. Mwaka wa 1972 na 1973 FAO ilizungusha uchunguzi dunia nzima, wadudu wakakusanywa kutoka nchi 82. Fosfini wakati huo ilikuwa bado inaonekana dawa mpya mpya. Karibu 10% ya makundi yaliyopimwa yalikuwa na wadudu wanaoivumilia, na walitoka nchi 33. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mwaka wa 1983 watafiti wakaandika kuhusu maghala ya chakula ya Bangladesh: walikuwa wamefukiza na kufukiza, kila mara vibaya, gesi ikitoka kabla ya wakati, mpaka wakapata wadudu ambao gesi haiwababaishi. Ghala liligeuka kuwa shule. Wanafunzi wazembe wakafa, wale wakali wakafuzu, wakaoana.

Kuoana ndiyo sehemu inayofanya hii kitu iwe ya hatari kimya kimya. Mwaka wa 2012 watafiti, wengi wao wa Australia, walichapisha kwa jarida la Science jeni moja inayohusika, inayotengeneza kimeng'enya cha kazi ya nguvu ndani ya seli. Usugu mkubwa unataka jeni mbili. Mdudu akiwa na moja anavumilia kidogo, akiwa nazo zote mbili anavumilia kipimo ambacho ni mara mamia ya kile kinachoua wa kawaida. Na lazima arithi nakala kutoka kwa mama na kutoka kwa baba. Kwa hivyo miaka ya kwanza huoni kitu. Wenye nakala moja wanakufa kama wengine, mwenye ghala anacheka, dawa inafanya. Lakini kila mara unafukiza nusu nusu, unaacha wabebaji wengi zaidi kati ya waliobaki, na siku wabebaji wawili wakikutana kwa kona ya gunia, umekwisha.

Macho hayawezi kukuonyesha hiyo. Mwenye ghala anaangalia sakafu, anaona wadudu wamelala, anapiga picha, anatuma WhatsApp kwa bosi. Maabara peke yake ndiyo inaweza kukuambia mapema kwamba kwa kila mia moja, watatu wameamka. Watatu ni habari mbaya sana, na ni habari ambayo bado unaweza kufanya kitu nayo. Ukingoja mpaka waonekane kwa macho, ni tisini.

Najua mtu wa Nairobi anasema, bana, hii ni shida ya wakulima. Sawa. Wewe hujawahi kuchekecha unga ukapata vitu vinatembea? Hujawahi kununua maharagwe ya gorogoro ukapata kila punje iko na tundu kama imepigwa na drili? Bei ya unga ikipanda mwezi wa tano na wa sita, sehemu ya hiyo bei ni mahindi yaliyoliwa na mtu mwingine kabla yako.

Na huyo mtu mwingine tunamjua kwa jina. Dumuzi. Prostephanus truncatus. Alitoka huko Amerika ya Kati, akaonekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanza miaka ya 1980, akavuka kwetu kupitia Taita Taveta mwaka wa 1983. Kule Tabora walikuta maghala ya wakulima yaliyopoteza mpaka theluthi ya uzito wa mahindi kwa miezi michache. Anakula mahindi, anakula muhogo mkavu, anatoboa hata mbao za ghala. Sehemu nyingi za Kenya wanamwita Osama. Watanzania wengine walimwita Scania, kama lori. Mdudu wa milimita nne hivi, na watu wamemtafutia majina ya kubomoa nyumba.

Tundu halileti hasara ya uzito peke yake. Punje iliyotobolewa ni mlango wa ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 huko Makueni na Kitui na majirani zao walirekodiwa wagonjwa 317, na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye hiyo sumu. Unyevu ndio ulikuwa mkosaji mkuu hapo, sitaki kumsingizia mdudu. Lakini mahindi yenye wadudu wengi yanapata joto na unyevu wao wenyewe, na punje zilizofunguliwa hazina ngozi ya kujikinga.

Sasa tufike kwa watu wa haraka.

Binamu yangu anafanya kibarua kwa maghala huko Bonde la Ufa. Siitaji mji na mwenye ghala simtaji. Kazi ni kufunika marundo ya magunia na turubai kabla ya vidonge, na kufunua baadaye. Anavyoniambia, turubai liko na matundu yamezibwa na selotepu. Mifuko ya mchanga ya kukandamiza ukingo haitoshi kuzunguka, kwa hivyo upande wa nyuma unaachwa hivyo hivyo. Jumatatu jioni vidonge vinaingia. Jumatano jioni lori iko nje inapiga honi, turubai linatolewa. Na hao vijana hawana hata barakoa ya gesi, wanafunga shati usoni.

Jumatatu mpaka Jumatano ni siku mbili. Wataalamu wa kuhifadhi nafaka wanataka siku 5 hadi 7 kukiwa na joto, na kukiwa na baridi zinaongezeka. Kitale si Mombasa. Baridi inafanya kidonge kitoe gesi polepole na mdudu apumue polepole, yaani kila kitu kinachelewa isipokuwa lori.

Mwenye ghala ana jibu tayari, nimelisikia zaidi ya mara moja: "Kama siku ni chache, si tunaongeza vidonge?" Linasikika poa kabisa, na ndilo jibu baya zaidi. Kwa fosfini, muda una nguvu kuliko wingi. Mayai na wale walio kwa hatua ya buu aliyejifunga hawadhuriki haraka, na dawa yao ni kungoja yai lianguliwe, buu abadilike, gesi ikiwa bado iko. Ukiongeza vidonge ukapunguza siku, wakubwa wengine wanazimia kama nilivyosema, mayai yanakungoja, na turubai lenye matundu linamwaga gesi yako yote kwa majirani. Umetumia pesa zaidi kuwasomesha wadudu.

Nilimuuliza mzee mmoja wa posho mili mtaani kama yeye anajali mahindi yake yalifukizwa siku ngapi. Nilimwamkia vizuri, nikanunua kilo mbili kwanza, mnajua. Akacheka.

"Kijana wangu, mimi naangalia kama yanatembea. Yakitembea nawarudishia. Yasipotembea nasaga."

"Na mayai, mzee?"

"Mayai nasaga pia."

Siwezi kubishana na huyo mzee, kwa biashara yake ako sawa. Mimi namtaka yule wa juu yake na wa juu ya huyo. Mtu mwenye gunia elfu moja ana uwezo wa kulaza mahindi wiki nzima chini ya turubai zima. Mtu mwenye gunia elfu hamsini ana uwezo wa kutuma chupa moja ya wadudu maabara.

Angalia mbu. Mbu ana watu. Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake: mbu wanakaa na dawa dakika 60, wanahesabiwa baada ya saa 24, waliokufa wakiwa chini ya 90% hiyo ni usugu umethibitishwa, na matokeo yanasaidia kuamua neti ya aina gani ipelekwe wapi. Hakuna mtu anasema hiyo ni anasa. Kila mtu anaelewa kwamba neti yenye dawa isiyofanya ni kitambaa tu. Kwa nini turubai juu ya mahindi liwe tofauti? Malaria inaua, ndiyo, na njaa pia si mgeni hapa.

Kitu ninachotaka si kikubwa. Ghala likifukizwa, kuwe na karatasi mlangoni: tarehe ya kuweka vidonge, tarehe ya kufunua, gesi ilipimwa ngapi katikati ya rundo siku ya mwisho. Kuna vifaa vya kupima gesi, sio uchawi. Na mara moja kwa mwaka, chini ya hiyo karatasi, mstari mmoja: wadudu kutoka hapa walipimwa, waliobaki hai ni kadhaa kwa mia. Australia wanapima wadudu kutoka mashambani na maghalani mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana miaka ya 1990 walipopata usugu mkubwa kwa mdudu wa kutoboa ngano, waliubaini mapema wakaanza kubadilisha muda na vipimo kabla ya mambo kuharibika kabisa. Wao wanauza ngano nje, mnunuzi akiona mdudu hai anarudisha meli. Sisi mnunuzi ni wewe na mimi, na hatuna meli ya kurudisha.

Mtu atasema gharama. Hebu tuangalie hiyo gharama basi. Vioo, chumba chenye joto la kudhibitiwa, sindano, chakula cha wadudu, na kijana mwenye brashi. Hiyo kazi ya brashi inafaa wengi wetu tuliotolewa chuo na karo. Wiki mbili unafundishwa, unaelewa. Tuko na maelfu ya vijana wanajua kuhesabu na hawana kazi, na tuko na maghala hayajui wadudu wake. Mimi sioni shida ya pesa hapo, naona shida ya mtu kutotaka kujua jibu. Ukijua una wadudu sugu, lazima ununue turubai jipya na umwambie dereva wa lori angoje.

Kwa wale wenu mko na shosho ushago: yeye hahitaji hii gesi, na tafadhali asipewe hivyo vidonge. Mahindi yakishakauka vizuri, magunia yasiyopitisha hewa yanatosha, yale ya tabaka tatu yanayoitwa PICS na mengine kama hayo. Wazo lilitoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipokuwa wanafanya kazi na kunde huko Kamerun. Unafunga, wadudu wanapumua oksijeni yote iliyo ndani, wanajimaliza wenyewe. Shosho yangu alikataa mara ya kwanza, akasema nailoni itafanya mahindi yatoke jasho. Alikuwa na pointi, kama hayajakauka yatatoka jasho kweli. Sai anaanika siku zaidi na anafunga. Jivu lake bado analo kwa kona, anasema ni la dharura.

Sasa ile maneno ya bedsita. Tangu kunguni wawe wengi kwa hosteli na ploti, nimeona watu wakiulizana mahali pa kupata vidonge vya mahindi waweke chini ya kitanda. Acha. Acha kabisa. Hiyo gesi ni nzito kuliko hewa, inapita chini ya mlango na kwa nyufa za ukuta hadi kwa jirani. Mwaka wa 2015 huko Fort McMurray, Kanada, familia iliweka hivyo vidonge chumbani kwa sababu ya kunguni, na watoto wakafa. Hakuna dawa ya kuigeuza ukishaivuta, hospitali inakusaidia tu mwili upigane. Kama umeingia chumba kina harufu kama ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza na kuna mtu amesema aliweka vidonge, toka, toa watu wote, usirudi kuchukua simu, nenda hospitali hata kama unajisikia poa. Na usingoje harufu ndiyo uamini, kuna watu hawaisikii.

Kama wewe ni mmoja wa hao vijana wa turubai, Nakuru, Eldoret, Moi's Bridge, Kitale, popote, inboksi iko wazi. Sitaki jina lako na sitaki jina la ghala. Niandikie vitu vitatu tu: vidonge viliwekwa siku gani, turubai lilitolewa siku gani, na ulipewa nini cha kuvaa usoni. Nikipata za kutosha nitazipanga kwa posti moja, bila majina, na tutaona siku ni ngapi kwa kweli.